Shokapu haitengenezwi? Nani kasema?

Nimepotea kidogo, najua. Nilikuwa safarini kutoka Mwanza kwenda Singida, na yaliyonikuta Misigiri ndiyo yamenirudisha hapa na hasira zangu.

Rafiki yangu ana Datsun 240Z ya mwaka 1972. Ndiyo, ile yenye pua ndefu na milango miwili, ambayo Edgar Herrmann alishindia Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na aina hiyo hiyo mwaka 1973. Mpaka Shelui tulikuwa tunajidai kweli kweli. Kupanda mlima Sekenke, mbele kushoto kukaanza kugonga, na kila kona gari linayumba kama mtumbwi. Kufika Misigiri, pale njia panda ya Kiomboi, tukakuta oili imetiririka mpaka kwenye rimu.

Simu ikapigwa gereji moja ya Dar. Jibu: "Bosi, shokapu haitengenezwi, inabadilishwa. Tupa hiyo, nakutumia mtumba ya gari jingine, tutakata na kuchomelea ikae." Na rafiki yangu, mtu mwenye digrii mbili, akaitikia "poa"! Yaani gari la zaidi ya miaka hamsini, likiwa bado na shokapu zake za kiwandani, likatwe kwa grenda ili liingie kitu kisichokuwa chake.

Nauliza tena: nani kasema haitengenezwi?

Kwa magari mengi ya leo kauli hiyo ina ukweli. Shokapu zake zimezibwa moja kwa moja kiwandani, na nyingi zina gesi ndani. Anayezitoboa na kuzichomelea anacheza na macho yake. Lakini hii Datsun haikuundwa hivyo. Kila gurudumu lina bomba la chuma, na juu ya bomba kuna nati kubwa. Fungua nati, vuta rodi, mwaga oili, basi, umeshaingia ndani. Utakuta pistoni yenye vali na matundu madogo. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Kazi ya shokapu ni kuilazimisha oili ipite kwenye yale matundu kwa shida, ili springi isiendelee kurukaruka. Oili ikivuja, mara nyingi kilichokufa ni sili ya mpira. Sili tu! Kwa ajili ya kipande cha mpira mnataka kukata gari?

Fundi wa Misigiri, kijana mdogo tu, aliliona hilo kabla yetu. "Kaka, hii ina nati. Waliotengeneza waliweka nati ili ifunguliwe." Kajulia wapi? Kwenye bodaboda! Kila siku anafungua shokapu za mbele za pikipiki, anabadilisha sili, anaweka oili, anafunga. Nchi nzima mafundi wanafanya hivyo chini ya miembe, halafu msomi wa mjini anakwambia haiwezekani.

Kijana hakuwa na sili ya saizi ile wala oili yake, na hakujifanya anazo. Hapo nilimvulia kofia, maana kuna kundi jingine linaloniudhi zaidi: wale wanaojaza oili ya injini namba 40, wakakandamiza gari mara mbili na kutangaza "imepona, ona ilivyo ngumu!" Haijapona. Oili nzito haipiti inavyotakiwa, tairi linarukaruka juu ya makorongo badala ya kukanyaga barabara, na tairi lililo hewani halishiki breki. Mteremko wa Sekenke mnaujua wenyewe.

Kufufua shokapu ni kukagua rodi kwanza, kwa sababu yenye kutu itaichana sili mpya ndani ya muda mfupi. Ni kuweka oili nyepesi ya shokapu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo kwa kukadiria na chupa ya maji. Na ukifanya kushoto, fanya na kulia.

Wajapani wenyewe hawakuitupa ile 240Z iliyoshinda mwaka 1971. Nissan waliihifadhi, na mwaka 2013 wafanyakazi wao wakaikarabati ikatembea tena. Sisi tuliokuwa nayo barabarani, huku ilikotokea sifa yake, ndio wa kwanza kutafuta grenda. (Na msiniambie habari za umaskini. Nauli ya kuleta ile mtumba na gharama ya kuchomelea ni pesa pia.)

Tulibishana mpaka giza likaingia. Gari tumeliacha nyuma ya banda la kijana, limefunikwa turubai, tukadandia basi la Singida tukiwa tumenuniana. Jana kanitumia ujumbe: ameagiza sili Nairobi, za mbele zote mbili. Yule wa Dar bado anampigia simu.