Mwacheni Marehemu na Ukali Wake

Nenda mazishi ya mwanamke aliyeajiriwa maisha yake yote, ufungue programu uliyopewa. Utasoma kuwa marehemu alikuwa mke mwaminifu, mama mlezi, nyanya mpendwa, mpole. Kazi yake imetengewa mstari mmoja, tena wa kumtetea: shughuli zilikuwa nyingi, lakini hakuisahau nyumba yake. Mbona wanaume hawatetewi hivyo?

Chanzo ni imani tuliyoizoea, kwamba mwanamke mwenye kazi yake, pesa zake na msimamo wake lazima kuna kitu amewanyima watoto. Ndiyo maana akifa tunamsafisha. Imani hiyo ni ya uongo, na shahidi wangu ni Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya.

Mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti. Ndoa yake ilipovunjika, alisema hadharani kuwa jaji ama alikula rushwa ama hajui kazi, akafungwa gereza la Lang'ata. Mume alipomtaka aache jina lake, Mathai, aliliongezea herufi moja akaendelea nalo. Na mwaka 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, wabunge walimkejeli kwa talaka yake. Jengo halikujengwa. Watoto wa jiji hilo wanaocheza kwenye nyasi zile wanaufaidi ukaidi wake, wajue wasijue.

Lakini kuna jambo ambalo programu zetu zingelifuta kabla ya mengine yote. Baada ya talaka, pesa zikiwa hazitoshi, alipata kazi ya Umoja wa Mataifa yenye makao Lusaka na safari nyingi. Asingeweza kwenda na watoto, akawapeleka wote watatu kwa baba yao. Najua watu wangesemaje: amewatupa. Mimi naona mama aliyepiga hesabu ngumu akakubali kuumia ili awe na cha kuwalishia. Na watoto hawakupotea. Binti yake Wanjira alikuja kufanya kazi naye Green Belt Movement, na hadi leo anaitetea misitu. Je, huyo ni mtoto aliyenyimwa mama? Maathai alifariki Septemba 2011, akiwa tayari nyanya, na mjukuu wake amerithi historia nzima, jela ikiwemo.

Basi mkikaa kuandika wasifu wa mama yenu, waiteni waliofanya kazi naye, na siku ya mazishi wapeni kipaza sauti kabla ya mheshimiwa. Kama aligombana na mwajiri hadi akalipwa haki yake, isomwe. Kama alinunua kiwanja kwa jina lake huku ukoo umenuna, isomwe, wajukuu wakiwa wamekaa mstari wa mbele wanasikia.