MAGHALA YA MABOMU NA NYUMBA ZA WATU

Aprili 29, 2009, mabomu yalilipuka katika ghala la Jeshi huko Mbagala, Temeke, yakaua watu zaidi ya 20. Februari 16, 2011, msiba kama huo ukaifika Gongo la Mboto.

Baruti huharibika kwa joto na kwa kukaa mno. Nyumba nazo hulisogelea ghala mwaka hata mwaka. Umbali ulio salama hutegemea uzito wa baruti iliyowekwa: hilo ni jambo la hesabu, si la kubahatisha.

Kwa hiyo twasema: wahandisi wetu wanaosomea shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapewe utafiti huo. Siri za Jeshi zilindwe; lakini mpaka wa hatari usiwe siri kwa mwananchi anayejenga.