Meno yenye madoa si meno machafu

Wako watoto wanaochekwa shuleni kwa ajili ya meno yao. Meno ya mbele yana madoa ya rangi ya udongo, na wenzao huwaambia kwamba hawajui mswaki. Nyumbani mama humshika mtoto na kumsugua kwa mchanga, kwa makaa, hata kwa ndimu, mpaka ufizi utoke damu. Doa halitoki. Je, limetoka wapi?

Mwaka 1901 mganga wa meno kijana, Frederick McKay, alifika katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Alishangaa kuona wenyeji wengi wana madoa ya namna hiyo. Wengine walisema yanaletwa na kula nyama ya nguruwe kupita kiasi! McKay hakuridhika. Tangu mwaka 1909 alisaidiwa na mwalimu mashuhuri wa kazi hiyo, G. V. Black. Wakatambua kwamba mtu aliyehamia pale akiwa mzima hapati madoa. Hupata mtoto tu, wakati meno yake yanapoumbika ndani ya ufizi. Tena, jambo la ajabu, meno yale yenye madoa hayakuoza upesi.

Mwaka 1923 wazazi wa Oakley, katika jimbo la Idaho, walimwambia kwamba madoa yalianza baada ya kuletewa maji kwa bomba kutoka chemchemi ya moto. McKay aliyapima maji, asione kitu. Hata hivyo akawashauri waiache chemchemi ile. Wakatii, na watoto waliofuata wakaota meno safi. Mwaka 1931 tu ndipo mkemia H. V. Churchill alipokipata kitu chenyewe ndani ya maji ya mji mwingine: floridi.

Floridi kidogo huliimarisha jino. Ikizidi hulitia doa. Mji wa Grand Rapids ulianza mwaka 1945 kuitia kidogo katika maji ya kunywa, na miaka 11 baadaye kuoza kwa meno ya watoto waliozaliwa tangu hapo kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya 60 kwa mia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja.

Nasi je? Huku kwetu Kivu, kando ya milima ya moto ya Virunga, ziko chemchemi na mito inayopita kipimo hicho. Mtoto wa huko mwenye madoa hakukosa adabu wala mswaki. Alikunywa maji ya kwao.

Kwa hiyo acheni mchanga na ndimu. Doa limo ndani ya ganda gumu la jino, na ganda hilo likilika haliroti tena. Dawa za kung'arisha meno wanazozitumia waganga huweza kupunguza tofauti ya rangi kwa mtu mzima, lakini hazibadili rangi ya jino lililozibwa, na si za watoto. Mswaki na dawa ya meno ya kawaida vyatosha, mradi mtoto mdogo asiimeze.

Wenye watoto wasiotimiza miaka minane na waulize kituo cha afya habari ya chemchemi yao, maana wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu. Floridi hubaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe huzidi.