Baridi ya kiangazi ipangiwe mapema

Hapa Tanganyika msaada kwa wakimbizi wa ndani unaongelewa sana wakati wa mvua: turubai, mafuriko, kipindupindu. Kiangazi kikiingia, wengi wanafikiri shida imepungua. Sivyo.

Mwezi wa sita na wa saba mbingu haina mawingu ya kuzuia joto, kwa hiyo usiku linapotea upesi, na upepo wa kusini-mashariki unaongeza baridi. Mchana tunatoka jasho, alfajiri tunatetemeka. Mwenye nyumba ya matofali na blanketi atavumilia. Lakini kuna familia zilizokimbia mapigano ya Watwa na Waluba yaliyochacha 2016 bila kubeba kitu. Anayelala juu ya mkeka katika kibanda cha nyasi, upepo unampata mzima. Mtoto mchanga ndiye anapoa upesi zaidi.

Maoni yangu ni haya: mablanketi yagawiwe mwezi wa tano, si baada ya watoto kuanza kukohoa. Usiku wenyewe wa baridi unaweza kutushtua, lakini majira yake serikali ya jimbo na mashirika wanayajua.

Nasi tusikae kungoja. Mama, mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike kichwa. Mbabula yenye makala usilale nayo ndani ya nyumba iliyofungwa: hewa yake yenye sumu haionekani, inaua watu usingizini. Na jirani mwenye mablanketi mawili, atoe moja.