Kabla ya kudesa programu, chora H

Kimya kingi kina mshindo. Bumu limeishia kwenye vifaa vya projekti, na nikiwa huku Mtumba nilikopanga, jirani na Mji wa Serikali uliozinduliwa Aprili 2019, nina la kusema.

Kila mtu anatengeneza geti la umeme. Ukimuuliza linarudije nyuma, anajibu: "Naandika 1 na 0 linafunguka, 0 na 1 linafunga." Jamani, huo ni udesaji, siyo uhandisi!

Chora herufi H. Mota iweke kwenye mstari wa katikati, na kila mguu uwe na transista mbili, juu na chini. Washa ya juu kushoto na ya chini kulia, mota inaenda mbele. Washa ule mshazari mwingine, umeme unapita kinyume na mota inarudi. Ukiwasha mbili za mguu mmoja kwa pamoja, umeme unashuka moja kwa moja bila kupita kwenye mota. Hapo ni shoti, transista zinaungua.

Chipu ya L298N imepangwa ndani isikuruhusu kufanya kosa hilo. Ndiyo maana wengi hawajui kama lipo.

Kuna na hili: mota inayozunguka ni dinamo pia. Ukiigeuza ghafla, volti inazozalisha zinajumlishwa na za betri, mkondo unaweza kukaribia mara mbili ya ule wa kuanzia. L298N inabeba ampia 2 tu kwa kila upande. Kwa hiyo programu iseme: zima, subiri isimame, ndipo geuza.

Wapo watakaosema mhandisi hatengenezi kila kitu kwa mkono. Kweli, na mimi sipingi kununua chipu. Ila huko makazini hakuna atakayekuita geti likiwa zima. Utaitwa limegoma, gari la wagonjwa liko nje, na programu ya kudesa haitakuambia ni transista ipi imekufa.

Maoni yangu: siku ya kuwasilisha projekti, laptop ziwekwe pembeni. Kila mtu apewe chaki, achore H na aeleze umeme unapita wapi. Akishindwa, apige sapu hata kama geti lake linafunguka vizuri.

Mnaopinga njooni na hoja. Tupo pamoja.