Baiskeli haimvui mtu stara



Tukisema tunajiandaa na trayathloni ndefu, la kwanza tunaloulizwa ni: mtoto wa kike na baiskeli wapi na wapi? Sisi tunaona stara iko kwenye vazi na mwenendo. Oktoba 2023, mashindano ya dunia ya masafa hayo kule Kona, Hawaii, yalikuwa ya wanawake peke yao.

Kazi si ndogo: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha kukimbia 42.2. Baiskeli ndiyo inayokula muda mwingi, basi tumeanza nayo. Tunatoka baada ya sala ya alfajiri, wawili wawili, kofia ngumu juu ya mtandio. Buibui tunaliacha nyumbani, maana pindo huingia kwenye mnyororo. Tunavaa kanzu fupi ya magotini na suruali isiyobana, tumeifunga vifundoni. Masafa tunayaongeza kidogo kidogo, na maji tunakunywa kabla ya kiu.

Bibi harusi, singo na hina ni haki yako. Lakini mwili nao ni amana, usingoje maradhi ndiyo uutunze. Mume akukute na hina mikononi na pumzi kifuani.