Ua Huu Tusiupande

Wasomaji wenzangu, na hasa ninyi kaka zetu mliokwisha kuondoka shuleni, nimesikia kwamba mmekusudia kutupa zawadi ya ua wa lantana, kuanzia lango kuu mpaka mabwenini. Twawashukuru kwa ukarimu wenu. Lakini naomba ruhusa niseme wazi kwamba zawadi hii mimi siitaki.

Sikatai uzuri wake. Kichaka hiki, ambacho Baganda hukiita kayukiyuki, huwa kibichi mwaka mzima, na kishada kimoja huwa na rangi mbili tatu, kwani ua changa huwa la manjano, na likikomaa hugeuka jekundu au la waridi. Vipepeo hukipenda sana. Kina miiba midogo, wala hakidai mbolea. Ndiyo sababu Wazungu walikitoa katika nchi za joto za Amerika wakakitia bustanini mwao, kisha wakakitawanya duniani. Bara Hindi kilifika mwanzoni mwa karne ya 19, pambo la bustani tu. Leo kimejaa misituni kwao na kuking'oa kumewashinda.

Shida ni kwamba hakikai mahali kilipopandwa. Ndege hula matunda yake meusi na kudondosha mbegu mashambani mwa watu. Ukikikata, shina huchipua. Ukikichoma moto, huchipua vile vile. Tena ng'ombe akila majani yake kwa wingi, kama afanyavyo nyasi zikikauka, ini lake huharibika, na ngozi yake huungua juani mpaka ikabanduka. Shule yetu ina ng'ombe wanne, na chai ya asubuhi hatuinywi kavu kwa sababu yao.

Lakini sisi wa Busoga tuna sababu iliyo kubwa kuliko chai. Mwaka 1976 malale yalizuka tena huku kwetu, yakaua watu wengi katika miaka iliyofuata. Wataalamu waliochunguza waliwakuta mbung'o wakijificha katika vichaka vya lantana, vilivyokuwa vimemeza mashamba ya kahawa na pamba yaliyoachwa bila kulimwa. Mbung'o wa huku huzoea vichaka vya kando ya maji. Lantana iliwapa kivuli hata karibu na nyumba za watu. Waulizeni wazee wa vijijini kama wanaona pambo lolote katika kichaka hicho.

Najua wapo watakaojibu kwamba wataalamu watatafuta mdudu wa kukila. Mdudu aliletwa zamani! Katika miaka ya 1960 Uganda ililetewa kidudu kidogo chenye asili ya Amerika, kinachofyonza majani ya lantana, na kule Serere kikaonekana juu ya ufuta, ile simsim yetu, kikiushambulia. Lantana yenyewe mwaiona hadi leo.

(Mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda kutukumbusha kwamba ua ni la bustanini, ua ni wa kuzunguka nyumba, na ua! ni amri ya kuondoa roho. Mmea mmoja kuyabeba maneno yote matatu, si jambo la kawaida.)

Kama ni ua twautaka, na upandwe wa hibiskasi. Maua yake ni makubwa, mbuzi wakila majani hawadhuriki, na kwa kuwa hibiskasi hii ya bustani huzaa mbegu kwa nadra, haitatoroka. Vijiti vya kupanda twaweza kuvikata bure nyumbani kwa mwalimu mkuu, mvua za Machi zikianza. Fedha mlizochanga, kaka zetu, zitununulie majembe na sururu, kwa maana nyuma ya jiko lantana imekwisha kuota yenyewe, imefika kimo cha dirisha, na mizizi yake haing'oki kwa mkono.